Kioo cha laptop ya kazi za stesheneri: TN, IPS au OLED? Tulinganishe kabla ya kununua

Mtoto wa Uyole ameandika:

Wakuu, habari za leo. Natafuta laptop ya dada yangu, ana stesheneri hapa Mbeya. Kazi zake ni kuchapa barua na mikataba ya watu, wasifu wa kuombea kazi, kujaza fomu za wanafunzi mtandaoni, na msimu wa harusi ukifika anatengeneza kadi za michango na za mwaliko kwa CorelDRAW na Photoshop. Anakaa barazani kwa sababu chumba chote kimeliwa na mashine ya fotokopi na rafu za madaftari. Mchana jua linafika mpaka mezani kwake.

Prosesa, RAM na SSD nimeshaelewa. Kinachonichanganya ni kioo. Tangazo moja linasema "Full HD LED", jingine "SVA", jingine "IPS", jingine "OLED", na kila muuzaji anasema chake ndicho kizuri. Nimebaki na mashine nne:

ThinkPad T480 ya mtumba, kioo cha 1366x768
EliteBook 840 G5 ya mtumba, kioo cha 1920x1080
MacBook Air M1 ya mtumba
Vivobook ya OLED, mpya, hii mpaka nijikamue hasa

Bajeti ni kuanzia milioni 1 mpaka milioni 1.8. Naomba tulinganishe vioo tu, mengine nitayamaliza mwenyewe. Natanguliza shukrani.

Fundi wa Vioo amejibu:

Mkuu, umefanya la maana kuanza na kioo. Wanaokuja kwangu wengi wana mashine yenye prosesa ya nguvu, halafu wanaulizia kubadilisha kioo kwa sababu macho yanawauma au hawaoni kitu wakikaa nje.

Kwanza neno LED liweke pembeni, halikwambii aina ya kioo. Zamani kioo cha LCD kilimulikwa kwa nyuma na mrija mwembamba wa floresenti. Mirija hiyo ilipoachwa na taa za LED kuingia, kila kioo kikaanza kuuzwa kwa jina la LED. TN ni LED, IPS nayo ni LED. OLED ni kitu kingine kabisa: haina taa ya nyuma, kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha, inawaka yenyewe, na panapotakiwa weusi pikseli inazimwa.

TN ndiyo kongwe, chanzo chake ni ugunduzi wa mwaka 1970. Ni rahisi kutengeneza, kwa hiyo inawekwa kwenye mashine za bei ya chini. Shida yake ni kwamba imepangwa kutazamwa kutoka mbele tu. IPS ilitolewa na Hitachi mwaka 1996 hasa kwa ajili ya kutibu tatizo hilo: fuwele za ndani zinageukia sambamba na kioo badala ya kusimama, na rangi inabaki ileile hata ukitazama kutoka ubavuni.

Ukienda dukani fanya hivi. Fungua picha ya uso wa mtu, iwe kubwa, ijaze kioo. Kaa sawasawa mbele yake, kisha laza kifuniko nyuma polepole. Kama ni TN utaona mashavu yanaingia giza, weupe wa macho unageuka kijivu, na ukizidi kulaza picha inakuwa kama negativu ya filamu. Kilete mbele, picha inapauka kama imemwagiwa maziwa. Kwa IPS uso utabaki uleule, utafifia kidogo tu.

Kwa dada yako hili si jambo dogo. Mteja wa stesheneri hakai mbele ya kioo, anasimama begani au ubavuni kusoma barua yake kabla haijachapwa. Kwenye TN yeye anaona kitu kingine na dada anaona kingine. T480 ya 1366x768 ni TN. Kwa kazi hiyo mimi naitoa kwenye orodha ikiwa na kioo hicho.

Halafu jihadhari na majina ya kibiashara. HP wakiandika SVA wanamaanisha TN. UWVA ya HP na WVA ya Dell ni vioo vya kutazamika kutoka pembeni, familia ya IPS. Watengenezaji wa vioo nao wana majina yao: AUO wanaita cha kwao AHVA, Samsung PLS, BOE wana ADS, vyote tabia yake ni ya IPS. NanoEdge ni fremu nyembamba tu, na BrightView ni kioo kinachong'aa. Hayo mawili hayakwambii lolote kuhusu aina ya paneli, yaani kioo chenyewe.

Mhasibu Dodoma amejibu:

Naongezea kwenye idadi ya pikseli, maana 1366x768 bado inauzwa kama kitu cha kawaida na mimi naona tuache kuinunua kabisa kwa kazi za ofisi.

1366x768 ni kama pikseli milioni 1.05. 1920x1080 ni milioni 2.07, karibu mara mbili. Kwenye Excel tofauti hiyo unaiona kwa macho, safu na mistari mingi zaidi inaonekana bila kusogeza. Kwenye CorelDRAW ni mbaya zaidi, kwa sababu paleti za rangi kulia na zana kushoto zinakula nafasi, katikati unabakiwa na kadirisha kadogo unakofanyia kazi.

Angalia na umbo pia. Laptop nyingi za miaka ya karibuni zinakuja na 16:10, yaani 1920x1200, mistari 120 zaidi ya ile ya 16:9. Ukurasa wa A4 unapumua. MacBook Air M1 nayo ni 16:10, ina 2560x1600 kwenye inchi 13.3. Maandishi yake yamenyooka kama yamechapwa kitabuni.

Ila usikimbilie 4K kwenye inchi 14. Itabidi maandishi uyakuze kwa asilimia 200 au zaidi ndiyo yasomeke, na betri inaliwa bila faida kwa kazi za barua.

Kijana wa Kisauni amejibu:

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mie nahariri video za harusi, na ndugu yangu, ukishafanya kazi kwenye OLED huwezi kurudi nyuma. Weusi ni weusi kweli. Kwenye IPS ya kawaida kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, ni kama 1000 kwa 1, na ukikaa chumba cha giza suti nyeusi ya bwana harusi waiona ya kijivu, hujui kama kuna mikunjo au ni kivuli. Kwenye OLED waona uzi kwa uzi. Vivobook za OLED nyingi zatangazwa kufikia 100% ya DCI-P3, wigo wa rangi wa sinema, ambao ni mpana kuliko sRGB, ule wa kawaida wa kompyuta, kwa kiasi cha robo. Kanga nyekundu yatoka nyekundu.

Kuna na jambo la kasi. Pikseli ya OLED yabadilika chini ya milisekunde moja. IPS za ofisini nyingi zachukua 25 au 30, ndiyo maana ukisogeza ukurasa kwa haraka maandishi yaacha mkia.

Kwa bei ya siku hizi, OLED si ya matajiri peke yao tena. Mnunulie dada yako kitu kitakachomfurahisha macho.

Mama Kadi amejibu:

Kijana wa Kisauni nakuheshimu, kwa video uko sahihi kabisa. Lakini huyu dada kazi yake inaishia kwenye karatasi, na hapo mambo yanabadilika. Mimi nachapa kadi za harusi Mwanza, niwaeleze ninachokiona kila msimu.

Kamati ya harusi inakuja na kipande cha kitambaa cha sare. Tuseme ni damu ya mzee. Wanataka kadi ifanane na kitambaa hicho, siyo kukaribia, kufanana. Sasa laptop nyingi za bei nafuu zina kioo cha 45% NTSC (kipimo kingine cha wigo wa rangi), ambacho kwa kipimo cha sRGB kinafika kama asilimia 60 na kitu. Damu ya mzee kwenye kioo hicho inatoka kama tofali lililofifia. Ukiweka kitambaa ubavuni mwa kioo unashawishika kuongeza nyekundu, unaongeza tena, mpaka kwenye kioo pafanane. Karatasi ikitoka kwenye printa inawaka kama pilipili, na wino umekwenda.

Kwenye OLED ya DCI-P3 inatokea kinyume chake. Kioo kinaweza kuonyesha rangi ambazo wino wa printa hauna uwezo wa kuzitoa, na programu nyingi za Windows haziirekebishi rangi ifuate kioo. Bluu ya bahari inaonekana inang'ara, mteja anaipenda, anasema hiyohiyo. Karatasi ikitoka imelala, na mteja anasema umembadilishia.

Kwa hiyo kwa kazi ya kuchapa, mimi natafuta kioo cha 100% sRGB, basi. Wauzaji wengine wanaandika 72% NTSC, ni karibu kitu kilekile. Kama ni OLED sawa, lakini iwekwe kwenye sRGB. Kwenye Vivobook za OLED ingia programu ya MyASUS, tafuta Splendid, pale unachagua wigo wa rangi. Pia zima ile taa ya usiku inayofanya kioo kuwa cha njano wakati wa kupanga rangi, na mwanga wa kioo usiupandishe mpaka mwisho, kwa sababu karatasi haijiwakii yenyewe.

Hata hivyo bado chapa kipande cha mfano kimoja, weka kitambaa juu yake, tazama nje kwenye mwanga wa mchana siyo chini ya taa ya duka. Kioo kizuri kinakupunguzia kurudia, hakiondoi hatua hiyo.

Fundi wa Vioo amejibu:

Mama Kadi umenena, hiyo ya asilimia za rangi ndiyo watu hawaulizi.

Sasa baraza. Mwanga wa kioo unapimwa kwa niti. Ndani ya chumba 250 zinatosha. Karibu na dirisha utataka 300. Barazani mchana, chini ya 400 utakuwa unakunja uso siku nzima. Laptop za mtumba za ofisi zilizoletwa kutoka Ulaya nyingi zina vioo vya niti 220 au 250, kwa sababu zilinunuliwa na makampuni kwa wafanyakazi wa ndani. Kumbuka pia kwamba taa za nyuma huchoka kwa kutumika, iliyotoka kiwandani na 250 haitakuwa na 250 leo.

EliteBook 840 G5 ilitoka na vioo zaidi ya kimoja. Kuna cha kawaida chenye mwanga mdogo, kuna chenye mwanga mkubwa zaidi, na kuna cha faragha kinachoitwa Sure View. Kwa nje mashine hizo zinafanana kabisa, na kwenye matangazo zote zinaandikwa Full HD. Sure View ina mwanga mkali, lakini imetengenezwa ili jirani yako asione, na hata ukiizima ubavuni haionekani vizuri kama IPS ya kawaida. Kwa mtu anayehudumia wateja wanaosimama pembeni, hiyo ni ya kuikwepa.

MacBook Air M1 ina niti 400, IPS, rangi za P3, na macOS inazisimamia rangi vizuri zaidi kuliko Windows. Ubaya wake ni kwamba kioo chake kinang'aa. Barazani utajiona uso wako, utaona barabara na bodaboda zinavyopita nyuma yako.

Na hilo la kung'aa na kutong'aa lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kioo kisichong'aa kinatawanya mwanga, mng'ao wa jua unakuwa ukungu laini. Kinachong'aa kinarudisha picha nzima. OLED za laptop karibu zote zinang'aa. Mtu akikwambia OLED yake ina niti 600, muulize: ni za HDR, yaani za picha maalumu zenye mwanga mkali? Mara nyingi 600 ni kilele cha sehemu ndogo ya picha kwa muda mfupi. Kwa ukurasa mweupe wa Word, hesabu kama 400 au pungufu.

Kijana wa Kisauni amejibu:

Hapo kwenye niti 600 nakubali, matangazo hayasemi. Na Mama Kadi, hilo la sRGB nimelishika, mie pia nahariri kwa sRGB ikiwa video yaenda YouTube. Lakini weusi wa OLED wabaki palepale hata ukiweka sRGB, na hiyo pekee yatosha kwangu.

Mhasibu Dodoma amejibu:

Kuna mambo mawili ya OLED hayajaguswa na yanamhusu dada huyu moja kwa moja.

La kwanza ni betri. OLED inakula umeme kulingana na kinachoonekana. Filamu yenye giza inakula kidogo. Ukurasa mweupe wa barua unawasha karibu kila pikseli, na hapo inakula kuliko IPS. Mtu wa stesheneri anashinda kwenye kurasa nyeupe.

La pili ni kumweta. OLED nyingi zinapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, mara 240 kwa sekunde au zaidi, siyo kwa kufifia kweli. Wengine hawasikii chochote. Wengine baada ya saa mbili kichwa kinauma na hawajui sababu. Nina mfanyakazi mwenzangu wa aina hiyo, tulimbadilishia mashine akapona. Ukitaka kujua, shusha mwanga wa laptop hadi nusu, fungua ukurasa mweupe, tazama kwa kamera ya simu ukiwa umeweka kasi kubwa ya shata. Michirizi myeusi inayotembea ndiyo hiyo. MyASUS ina sehemu ya kupunguza mwanga bila kumweta, mashine ikiwa ya OLED, inasaidia.

Mwalimu wa Zamu ameuliza:

Samahani kuingilia. Vipi ile habari ya OLED kuacha alama? Kaka yangu yuko Muscat aliona televisheni ya dukani imebaki na nembo ya chaneli hata chaneli ikibadilishwa.

Fundi wa Vioo amejibu:

Ni kweli, mwalimu. Malighafi ya OLED huzeeka kadiri inavyowaka, na bluu ndiyo inayozeeka upesi zaidi. Sehemu ikikaa na picha ileile saa nyingi kila siku, inazeeka tofauti na jirani zake, na hapo unaona kivuli. Kwenye laptop ya kawaida mwambaa wa Windows wa chini ndio hatari kubwa. Kwenye CorelDRAW ongeza na paleti ya rangi inayokaa palepale kulia tangu asubuhi hadi jioni.

Zile za televisheni ya dukani ni kesi kali, mwanga umepandishwa mpaka mwisho na inawaka mchana kutwa. Laptop inayotunzwa haifiki huko haraka. Ficha mwambaa wa chini, tumia mandhari nyeusi, weka kioo kizimike kikiachwa kwa dakika chache, na acha pikseli zijisogeze kidogo kidogo kwa ile huduma ya MyASUS ya kutunza OLED. Kwa mtu wa video ni sawa. Kwa mtu wa stesheneri mwenye programu moja wazi siku nzima, mimi sina amani nayo.

Na tuseme ukweli wa spea. IPS ya inchi 14 ya 1920x1080 ikivunjika, Kariakoo utaipata, Nairobi kule Luthuli utaipata. OLED ikivunjika ni kuagiza, na bei ya kioo peke yake inaweza kukufanya ufikirie laptop nyingine. Barazani watu wanapita na mabegi, watoto wanacheza, mashine inaweza kuanguka.

Mtoto wa Uyole ameandika:

Wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. T480 ya TN nimeitoa. OLED nimeikubali kwa uzuri ila kwa baraza na CorelDRAW naona hapana. Nabaki na EliteBook na MacBook Air.

Muuzaji wa EliteBook nimemwomba aniambie ni kioo kipi hasa. Amefungua programu ya HWiNFO, akanitumia picha, sehemu ya monita imeandikwa namba inayoanza na B140HAN. Hiyo inasomwaje?

Mzee wa Namba amejibu:

Karibu kwenye ninachokipenda. Namba za paneli zina mpangilio, ukishaujua hudanganywi tena.

B ni AUO, paneli ya laptop. 140 ni inchi 14.0. H ni 1920x1080. AN ni AHVA, yaani familia ya IPS. Ingekuwa B140HTN, ni 1920x1080 lakini TN. B140XTN ni 1366x768 na TN. Unaona jinsi herufi moja inavyobadilisha kila kitu.

LG: LP140WH ni 1366x768, LP140WF ni 1920x1080. BOE: ikianza na NT140WHM ni 1366x768 ya TN, ikianza na NV140FHM ni 1920x1080 ya kutazamika kutoka pembeni. Innolux: N140BGA ni 1366x768 ya TN, N140HGA ni 1920x1080 lakini bado TN, N140HCA ndiyo IPS. Hiyo N140HGA ndiyo inayowaumiza watu, kwa sababu tangazo linasema Full HD na ni kweli Full HD, ila rangi na pembe ni za TN.

Sasa mkuu, B140HAN peke yake haitoshi. Baada ya hapo kuna tarakimu na nukta, na ndani ya kundi hilo kuna vyenye mwanga mdogo na vyenye mwanga mkubwa, vya 45% na vya 72%. Mwombe namba yote mpaka tarakimu ya mwisho, kisha iandike kwenye tovuti ya Panelook, utaona niti na asilimia ya rangi. Pia tovuti ya Notebookcheck huwa wanapima vioo vya laptop kwa vifaa, siyo kunakili tangazo. Soma kipimo chao, lakini hakikisha paneli waliyopima ni ileile ya mashine yako, maana modeli moja inaweza kuwa na paneli nne.

Kama muuzaji anakataa kutuma namba, mwambie akupe nafasi ya kuiona mashine nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana.

Mama Kadi amejibu:

Na ukienda kuiona, kijana wangu, beba kipande cha kitambaa chekundu na kipande cha kijani. Piga picha kwa simu nzuri kwenye kivuli, hamishia kwenye laptop, uviweke ubavuni. Utaona mara moja kama kioo kinameza rangi.

Kuhusu MacBook, kioo chake ni kizuri kuliko cha EliteBook kwa rangi, hilo sibishani. Ila aulizwe dada kama printa yake na CorelDRAW aliyonayo vinaendana na Mac kabla hujalipa.

Kijana wa Kisauni amejibu:

Mie kwa bajeti hiyo ningechukua MacBook Air, nikageuza meza. Jua lisiwe nyuma ya dada wala mbele yake, liwe la ubavuni. Kung'aa kwapungua sana. Pia kuna plastiki za kubandika za kuondoa mng'ao, zasaidia barazani, ila zapunguza ukali wa maandishi kidogo na rangi zaonekana na chembechembe.

Mtoto wa Uyole ameandika:

Nimepata namba kamili kutoka kwa muuzaji wa EliteBook. Panelook inaonyesha 45% na niti chini ya 250. Kwa hiyo hapana. Muuzaji mwingine ana 840 G5 yenye kile kioo chenye mwanga zaidi, rangi 72%, siyo Sure View, na amekubali niione nje mchana. Printa ya dada nayo ni ya zamani, sina uhakika na Mac. Nitakwenda na vitambaa.

Mwalimu wa Zamu ameuliza:

Mimi ninayo T480 ya 1366x768, ndiyo hiyo TN mliyoikataa, na nimeipenda kwa kibodi. Naweza kubadilisha kioo tu nikaweka IPS, au nitafute mashine nyingine?

Fundi wa Vioo amejibu:

Mwalimu, usiiuze. T480 ni katika mashine rahisi kubadilisha kioo. Paneli ya 1366x768 na ya 1920x1080 isiyo ya kugusa zote zinatumia tundu la pini 30, waya uliopo unatosha. Ukitaka ile ya 2560x1440, hiyo ni pini 40, itabidi na waya ubadilishwe. Tafuta paneli ya 1920x1080 ya 72% na niti 300 au zaidi, pini 30, kisha linganisha sehemu za skrubu na masikio ya pembeni na ya kwako kabla ya kulipa, kwa sababu zipo zenye masikio na zisizo nayo.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa betri ya nje, kisha ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka) uzime betri ya ndani. T480 ina betri mbili, na watu wanasahau ya ndani. Ukichomeka waya wa kioo umeme ukiwepo unaweza kuunguza fyuzi ya taa ya nyuma, halafu kioo kipya kinawaka picha hafifu ambayo huioni mpaka umulike tochi.

Fremu ya mbele bandua kwa kucha ya plastiki ukianzia chini, usitumie bisibisi. Kioo kipya ukishakichomeka, kisimamishe bila kukifunga, washa mashine, weka nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja moja, kioo kizima. Kwenye nyeusi tazama mwanga unaovuja pembeni taa za chumba zikiwa zimezimwa, kwenye nyingine tafuta nukta isiyobadilika. Kikiwa safi, ndipo ufunge skrubu na kubandika fremu. Kikiwa na kasoro, mrudishie muuzaji kabla hujakifunga.